Uta wa Babu Haukuwa na Nafuu

Mtoto wa khalati yangu anaishi Ohio, Marekani, na msimu uliopita alianza kuwinda kulungu. Huko ni jambo la kawaida: unakata leseni, unangoja msimu wa uta ufunguliwe mwishoni mwa Septemba, unaingia msituni. Kilichomshinda ni dukani. Akanitumia ujumbe wa sauti WhatsApp: "Dada, nichukue pauni sitini ama sabini? Nafuu asilimia themanini ama tisini?"

Mimi nakaa Mji wa Kale, Mombasa. Silaha kali kuliko zote niliyowahi kuimiliki ni mbuzi ya kukunia nazi. Lakini nilijua kwa nini ananiuliza. Khalati alishafariki, na katika watoto wa Babu ni mama yangu peke yake aliyebaki anayeukumbuka uta wake.

Tuanze na hiyo nafuu, maana wengi wetu tunaujua uta wa sinema tu. Uta wa kawaida ni mti na upote. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na mkono ukifika shavuni, pale unapotaka kutulia ulenge, ndipo uzito unakuwa mkubwa kuliko wote. Mwaka 1969 Mmarekani mmoja wa Missouri, Holless Wilbur Allen, alipewa hataza ya uta wa aina nyingine, unaoitwa kompaundi. Huu una magurudumu kwenye ncha zake mbili. Kama umewahi kuona mabaharia wakipandisha foromali ya jahazi kwa kamba na kapi, nusu ya habari unayo tayari. Nusu ya pili ni kwamba ekseli ya magurudumu haya haiko katikati. Unavuta, uzito unapanda mpaka kileleni, halafu gurudumu linageuka na uzito unaporomoka. Wenyewe wanaita letofu. Sisi tuseme nafuu.

Hesabu yake ni hivi. Uta wa pauni 70, yaani kama kilo 32, ukiwa na nafuu ya asilimia 80, mwishoni unashikilia pauni 14 tu. Ukiwa na asilimia 90, unashikilia pauni 7, uzito wa pakiti moja na nusu ya unga. Lakini mshale hautoki kwa nguvu ya pauni 7. Ile kazi uliyoifanya katikati ya mvuto imekaa ndani ya uta, inangoja uachie. Nafuu haipunguzi kazi, inaihamisha tu.

Na ina bei yake. Upote ukiwa mwepesi mno mkononi, hauachii safi, na kosa dogo la kiganja kinachoshika uta linaonekana kwenye shabaha. Ukilegea mbele kidogo tu, magurudumu yanageuka na uta unakunyang'anya mkono. Ila kulungu naye hana adabu ya kusimama unapotaka. Anaweza kujificha nyuma ya mti dakika nzima. Aliyeshikilia pauni 14 anaweza kumngoja. Aliyeshikilia 50 ameshaanza kutetemeka.

Nilimchezea mama ule ujumbe akiwa jikoni. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. "Uta ukupe nafuu? Uta wa baba ulikuwa haukupi hata salamu!"

Babu alikuwa Mwaata. Watu wa pwani huwaita Wasanye, wengine Walyangulu, na mara nyingi majina hayo husemwa na mdomo uliopinda. Ni watu wa nyika ya nyuma ya Malindi mpaka Tsavo, waliowinda ndovu kwa uta na mishale ya sumu. Sumu yenyewe hupikwa kutokana na mti wa msunguti, na kazi yake ni kuusimamisha moyo. Lakini sumu haifai kitu kama mshale haujapenya ngozi ya ndovu, kwa hiyo uta ulibidi uwe mkali. Nyuta za Waata zilipopimwa, zilikutwa zinapita pauni 100. Mwindaji wa leo wa kulungu anatosheka na nusu yake. Tena pauni 100 hizo zote zilikuwa za mtu mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, bila gurudumu wala kapi.

Mama anasema Babu alikuwa na kanuni moja: uamue kabla hujavuta. Kwa uta ule hukuwa na nafasi ya kuvuta kisha ufikirie. Ulisogea karibu kabisa na mnyama, ukajua upepo unatoka wapi, ukajua mguu wako utakimbilia wapi, ndipo ukavuta na kuachia kwa pumzi moja. Mwili haukuruhusu zaidi.

Hayo ndiyo mama aliyokuwa hajawahi kuniambia. Nilichojua mimi ni kwamba Babu alikuwa hamali bandarini, basi. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa 1948, na mwaka 1956 na 1957 askari wa mbuga chini ya watu kama David Sheldrick na Bill Woodley waliendesha msako mkubwa wa majangili. Waata wengi walifungwa. Babu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa mmoja wao. Alipotoka, nyika aliyoijua ilikuwa na mpaka, naye upande wa ndani haumhusu tena. Akashuka Mombasa kubeba magunia. Baadaye alijichongea uta mwingine, akautundika ukutani bila mshale hata mmoja. Mama anakumbuka kaka zake wawili wakiushika pamoja, wakaukalia, wakaukanyaga, wasiupinde. Mwaka 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima, Babu aliukata upote, na mti uliobaki akawa anaangulia maembe.

Mama aliolewa Mji wa Kale, na huku akajifunza kunyamaza. Si kwamba kuna aliyemkataza. Aliona tu nani anaulizwa "kwenu wapi" mara mbili. Mimi nimekua nikipita Ndia Kuu kila siku, nikisikia wazee wakisifu utajiri wa zamani: nguo, viungo, karafuu, pembe. Pembe hutajwa kama vile zilipanda jahazini zenyewe. Kwa karne nyingi zilishuka kutoka bara, zikapita Mombasa kwenda Uarabuni, Bara Hindi na kwingineko, na kila aliyezishika njiani alipata chake. Aliyevuta uta alipata kidogo kuliko wote. Msako ulipokuja, ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ndovu, akawa wa kwanza kukamatwa.

Simtetei Babu kwa kuwaua ndovu. Nikiona ndovu wa Tsavo kutoka dirisha la treni ya Nairobi, wekundu kwa vumbi, nafurahi kama mtoto kwamba wapo bado. Ila nashindwa kuifurahia sheria na huku nikiuona ule mlolongo wa watu, ambao uzito wao wote uliishia kwenye bega moja.

Basi nikamjibu wa Ohio. Nilimwambia achukue pauni 60 na nafuu ya asilimia 80. Kwa kulungu inatosha, na upote utabaki na uzito kidogo wa kumkumbusha kwamba ameshika kitu. Mama akaomba simu aongeze lake: "Mwanangu, kabla hujanunua, uvute mpaka mwisho, kisha uushushe polepole bila kuachia mshale. Ukishindwa kuushusha, huo si wako." Niliuliza baadaye, na watu wa mchezo huo nao wanasema vivyo hivyo. Kwa kompaundi, kushusha ni kugumu kuliko mtu anavyodhani: ule uzito uliouruka unakungoja njiani unaporudi. Lakini anayeweza kushusha anaweza kubadili nia, kulungu akigeuka vibaya au kitu kikitokea nyuma yake. Babu hakuwa na anasa hiyo. Mjukuu wake anayo, na ingekuwa aibu asiitumie.

Ujumbe wa mama ulikuwa wa dakika kumi na moja. Uta ulichukua dakika mbili. Zilizobaki zilikuwa za Babu: jina lake kamili, kijiji chake, jela, magunia, maembe. Yule kijana akauliza kama anaweza kuwahadithia wanawe. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wahadithie. Na mimi nimechoka."

Mwezi uliopita tulikuwa arusini Kibokoni. Bibi mmoja aliyekaa kando yetu akamtazama mama, akamuuliza kwao ni wapi hasa. Nilimwona mama akivuta pumzi.

"Baba yangu alikuwa Mwaata," akasema. "Mpiga uta."

Yule bibi akasema "aaa," akamtazama tena, kisha akaomba apitishiwe mahamri.