Tundu Moja kwa Wote

Wapenzi wa tungo na lugha, leo naomba niwatoe kidogo kwenye vina na mizani niwapeleke ubavuni mwa kompyuta mpakato. Nasema ubavuni kwa sababu hapo ndipo penye ugomvi. Mashine za zamani ubavu wake ulikuwa kama ukuta wenye madirisha ya kila namna: tundu la mviringo la umeme, matundu mapana ya flashi, tundu la samawati lenye pini 15 la kuunganishia projekta, tundu la waya wa intaneti, mwanya wa kadi ya kamera. Siku hizi madirisha mengi yamezibwa. Katika mashine nyingi mpya yamebaki matundu mawili au matatu, yote ya umbo moja dogo lililoviringwa pembeni, ambalo wauza simu wetu huliita Taipu C. (Kwa Kiingereza matundu haya yana jina moja na bandari, na nimewahi kusoma tafsiri iliyomwelekeza mtumiaji achomeke waya bandarini. Nilicheka, kisha nikaona kwamba mfasiri hakukosa ushairi, alikosa tu kompyuta.)

Umbo hilo, USB-C, lilikamilishwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata kampuni ya Apple ikatoa kompyuta nyembamba yenye tundu moja tu la namna hiyo, la umeme na la kila kitu, ukiacha lile la spika za masikioni. Oktoba 2016 ikafanya vivyo hivyo kwa kompyuta zake za wenye kazi nzito: matundu mengine yote yakaondolewa, hata kile kiungo cha sumaku kilichokuwapo tangu 2006, ambacho mtu akijikwaa kwenye waya hung’oka chenyewe na mashine isianguke. Wapiga picha walilalamika, wahadhiri walilalamika, na mwezi mmodi haujaisha kampuni ikapunguza bei ya adapta zake. Mwaka 2021 sumaku ikarudishwa, na mwanya wa kadi, na tundu la kuunganishia runinga. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria ya mwaka 2022, uliamuru simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu hili kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato kuanzia tarehe 28 Aprili 2026.

Mtoto wa kaka yangu ni fundi wa kompyuta, na katika jambo hili ni mfuasi asiyetikisika. “Shangazi,” huniambia, “wewe umesahau enzi za pini nene na pini nyembamba?” Sijasahau. Katika ofisi ya walimu tulikuwa na chaja chungu nzima zilizosokotana kama utumbo, na bado mwalimu mmoja aliweza kukaa siku nzima simu yake imezima kwa kuwa hapakuwa na kichwa kinachoingia. Droo ya mpwa wangu huyo imejaa chaja za kompyuta ambazo wenyewe wamekufa. Chaja nzima, haina kosa, na haina pa kuchomekwa. Hoja yake ni kwamba mtengenezaji aliyekuwa akikupa tundu la peke yake hakuwa akikupa hiari, alikuwa akikufunga kamba mguuni ili chaja ukanunue kwake. Katika hili sina la kumpinga.

Tena ningempingaje? Nimefundisha Kiswahili Sanifu zaidi ya miaka thelathini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ndio ulioamua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikausimamia uamuzi huo. Mimi na wanafunzi wangu tumeishi ndani ya tundu hilo moja. Mtoto wa Kigoma na mtoto wa Lindi walifanya mtihani mmoja, wakasoma riwaya moja. Na sisi watunzi, je? Mizani kumi na sita, nane kwa nane, ni kitu gani kama si kipimo cha pamoja, ambacho shairi lililotungwa Mombasa hughaniwa Bagamoyo kwa mahadhi ya huko bila kupindishwa?

Walakini tundu hili lina mambo mawili yanayonikera, na yote mawili tumeshayaona katika lugha.

La kwanza ni kufanana kwa sura. Matundu mawili ya USB-C yaliyokaa jirani yanaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi: hili linapokea umeme na kupeleka picha kwenye skrini, lile linahamisha mafaili tu. Waya nao ni hivyo. Kuna unaohamisha megabiti 480 kwa sekunde na kuna unaohamisha gigabiti 40. Kuna wa wati 60 na kuna wa wati 240. Na vichwa vyao ni pacha. Mwalimu wa lugha atasema, hizi ni homonimu. Naam, lakini homonimu za Kiswahili zina mlinzi wake. Nikisema paa limevuja na paa amekimbia, upatanisho wa kisarufi umekwisha kumwambia msikilizaji kama nazungumzia nyumba au mnyama, hata kabla sijafika mwisho wa kitenzi. Tundu la kompyuta halina kiambishi. Lina alama ndogo, pengine ya radi, ambayo watengenezaji wengine wanaichapa na wengine hawajali. Mpwa wangu asema watu watazoea. Mimi nasema lugha yenye paa wawili na isiyo na upatanisho isingedumu sokoni hata siku moja.

La pili ni adapta, na hapa naomba subira yenu, kwa maana ndipo hasa niliponuia kufika.

Adapta si za aina moja. Zipo zinazobadili umbo tu: flashi ya zamani inaingia upande mmoja, upande wa pili unaingia kwenye tundu jipya, na kinachosemwa ndani hakibadiliki. Hiyo naiita kiungo. Lakini ya projekta ya pini 15 haiwezi kufanya hivyo. Kompyuta mpya inatoa picha kwa tarakimu. Projekta ile ya kale inataka mawimbi ya umeme yanayopanda na kushuka. Ndani ya adapta lazima kuwe na kitu kinachopokea lugha moja na kutoa nyingine, papo kwa hapo. Hiyo si kiungo. Hiyo ni mkalimani, na ningependa tuiite hivyo tuone kama neno litashika. Ndiyo maana ile ya bei ya chini huzima katikati ya somo. Mkalimani naye huchoka.

Ilizima mbele ya macho yangu. Naenda mara moja kwa wiki kusaidia ushairi katika shule moja ya sekondari ya kata, na huko kuna mwalimu kijana aliyenunua kompyuta mpya kwa mkopo. Projekta ya shule ni ya msaada, nzima kabisa, ya pini 15. Kompyuta imekidhi viwango vya dunia, projekta haina ubovu wowote, na bado kati yao palihitajika kitu cha tatu ambacho kijana yule alikinunua kwa fedha zake. Hakuna aliyemuuliza kama mabadiliko yaje. Bili ndiyo iliyomfikia.

Sasa chukueni diwani yoyote ya mtunzi wa Mombasa au Lamu. Mwishoni mtakuta sherehe: nti maana yake nchi, ndia maana yake njia, mato maana yake macho. Mtunzi amefanya kazi mbili, ya kutunga na ya kujieleza. Fungueni diwani ya mtunzi wa Kiunguja. Nani amewahi kumwekea msomaji wa Lamu sherehe isemayo macho maana yake mato? Sherehe ndiyo adapta, na hubebwa na yule ambaye tundu lake halikuchaguliwa. Sikatai kwamba ilibidi pachaguliwe moja. Nasema tu kwamba aliyechaguliwa hana uzito mkobani, na kwa hiyo husahau upesi kwamba kuna mkoba.

“Kwa hiyo, Shangazi, warudishe matundu yote?” Hapana, mwanangu. Ningetaka adapta iwe ndani ya boksi, kwa gharama ya aliyebadili. Alinijibu kwamba boksi lingepanda bei na wangelipa hata wasioihitaji. Nikamwambia ndivyo ninavyotaka. Akanyamaza, kisha akasema hiyo si hesabu ya biashara, nami nikakubali kwamba si hesabu ya biashara.

Hatujapatana, na kazi yetu haingoji tupatane. Ninazo kaseti za miaka ya tisini, sauti za wazee watatu wakighani tungo zao wenyewe, wote wametangulia mbele ya haki. Kaseti zilihamishiwa CD. Kompyuta zikaacha kula CD, tukahamishia flashi. Kompyuta niliyoletewa na wanangu mwaka huu haina tundu la flashi. Mpwa wangu alikuja Jumamosi na kiungo chake, tukaanza kuzihamishia kwenye diski mpya na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Faili la nne lilikataa kufunguka. Ni la mzee aliyeghani kwa lahaja ya kwao, bila sherehe. Kaseti yake ninayo bado, na sasa tunatafuta redio ya kuichezea.