Bruxelles mpaka Paris: mama mdogo alipanda treni

Huku kwetu Kalemie, ukisikia mtu amesafiri kwa treni unajua mambo mawili: hana pesa ya ndege, na hatufahamu atafika siku gani. Ndiyo sababu kundi letu la WhatsApp liliwaka moto mjomba alipofariki Paris. Mama mdogo, dada yake wa damu, anaishi Bruxelles. Habari ilipofika kwamba amekwenda matanga kwa treni, wakubwa walikasirika. Mmoja aliandika: "Anabana pesa hata juu ya kaka yake?"

Kwa kuwa mimi ni mtu wa redio, nilitumwa nitafute ukweli, nikaona vema niuweke hapa, maana familia zenye ndugu Bulaya ni nyingi.

Kwa mstari ulionyooka angani, Bruxelles na Paris zimeachana kilomita 260 hivi. Ndege inakata umbali huo kwa muda usiofika saa moja. Lakini hesabu hiyo ni ya angani tu. Uwanja wa ndege wa Bruxelles uko Zaventem, nje ya mji. Ule wa Charles de Gaulle uko Roissy, kilomita kama 25 kutoka katikati ya Paris. Lazima ufike mapema, upange foleni, uvue mkanda, mizigo ipekuliwe, na ukishuka utafute tena usafiri wa kuingia mjini. Nilijumlisha, nikapata karibu saa nne, tena siku ambayo hakuna kuchelewa.

Treni ya mwendo kasi inatoka Bruxelles-Midi, ndani ya mji, na kukushusha Gare du Nord, ndani ya Paris, baada ya saa 1 na dakika 22. Kuna mahali inafikia kilomita 300 kwa saa. Air France yenyewe iliacha kurusha ndege kati ya miji hiyo mwaka 2001, ikawa inapandisha abiria wake kwenye treni.

Nikawapa mfano wa nyumbani: reli yetu ya Kalemie–Kabalo, iliyofika ziwani mwaka 1915, ina kilomita 270 hivi. Ni karibu sawa na Bruxelles–Paris. Hapo kundi likanyamaza. Kila mmoja wetu anaijua safari ile.

Jambo ambalo hawakuuliza ni kuhusu mtoto wa marehemu, ambaye naye yuko Bruxelles. Pesa ya tiketi alikuwa nayo. Ila bado anasubiri jibu la ombi lake la hifadhi, na karatasi aliyonayo haimruhusu kuingia Ufaransa. Mara nyingi hakuna anayekagua ndani ya treni, lakini akikamatwa ataharibu kesi yake. Alibaki. Wakati wa mazishi, mama mdogo alinyanyua simu juu ya vichwa vya watu ili aone baba yake akishushwa kaburini.