Koti Lilikuwa Lake Halali

Mwaka 1998 nilikuwa nahudumia wazee majumbani mjini Hyde, karibu na Manchester, Uingereza. Wazee wale walimpenda mno Daktari Harold Shipman. Aliwaendea nyumbani na kuwasikiliza. Kuwa mgonjwa wake kulihesabiwa bahati.

Tarehe 24 Juni alifariki Bi Kathleen Grundy, miaka 81. Alikuwa mkakamavu, na siku hiyo alitarajiwa kwenda kusaidia kuwaandalia wazee wenzake chakula. Alipokosekana walimfuata nyumbani, wakamkuta kwenye kochi, amevaa nguo zake, amekwisha kufa. Shipman alikuwa amempitia asubuhi, eti kumtoa damu. Kwenye cheti cha kifo akaandika: uzee.

Kisha ukazuka wosia uliopigwa taipu ovyo, ukimrithisha daktari mali ya pauni 386,000. Binti wa marehemu, mwanasheria, akaenda polisi. Agosti kaburi likafukuliwa, na mwilini ikapatikana diamofini, dawa kali ya maumivu. Septemba Shipman akakamatwa. Wazee niliowahudumia walikataa katakata kuamini.

Watu husimulia matapeli wanaojivika koti jeupe. Huyu koti lilikuwa lake halali, na ndilo lililomkinga. Maana walioona walikuwapo. Dereva mmoja wa teksi alianza kuwahesabu abiria wake wazee waliokufa ghafla. Waandaaji wa mazishi walishangaa kuwakuta wagonjwa wake wamekufa kitini, wamevaa nguo zao za kawaida. Machi mwaka huohuo, Daktari Linda Reynolds, wa zahanati ya jirani, alimpelekea mchunguzi wa vifo wasiwasi wake. Polisi wakachunguza juujuu, wakafunga jalada Aprili. Wanawake watatu wakauawa baada ya hapo. Bi Grundy alikuwa wa mwisho.

Januari 2000 Shipman alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 15. Uchunguzi wa Jaji Janet Smith, mwaka 2002, ulitaja 215. Januari 2004 alijinyonga gerezani.

Mtu yuleyule alichoma sindano, kisha akaandika sababu ya kifo. Tangu Septemba 2024, huko England na Wales, kila kifo kisichopelekwa kwa mchunguzi wa vifo lazima kikaguliwe na daktari mwingine. Imechukua miaka 26. Kumuuliza daktari si kumvunjia heshima. Daktari mwema hapungukiwi kitu kwa kuulizwa, na mgonjwa huenda akapona kwa swali hilo.