Gazeti na Chama Chake

Mimi ni karani wa Serikali, na kazi yangu ni kutunza majalada. Kila barua iingiayo ofisini huitazama kwanza imetoka kwa nani, ndipo niisome. Basi ni ajabu kwamba mtu wa kazi kama hiyo alisoma gazeti asiulize swali hilo. Nawaeleza wasomaji wenzangu kosa langu, huenda likamfaa mwingine.

Mwezi wa Juni, mwaka 2024, Waingereza walikuwa wakijitayarisha kwa uchaguzi. Mdogo wangu wa kike yuko huko, anatunza wazee. Tangu Machi mwaka ule wageni waombao ruhusa ya kufanya kazi hiyo walikuwa wamekatazwa kwenda na watoto wao, nasi nyumbani tulikuwa na wasiwasi. Nilisoma katika gazeti moja la London habari kali kwamba wageni wamezidi na hapana budi wapunguzwe. Mama aliponiuliza, nilimfasiria yote kana kwamba ni tangazo la Serikali. Usiku ule hakulala. Kulipokucha alimpigia binti yake simu, akamwambia afunge mizigo arudi nyumbani.

Jioni ndugu yangu alinipigia mimi. Hakunigombeza, aliniuliza tu, "Kaka, hilo ulilosoma ni gazeti la chama gani?" Nami, niliyefundishwa na mwalimu wangu wa shule ya misioni kuuliza daima asemaye ni nani na anataka nini, sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nimejifunza. Katika Uingereza, redio na televisheni, kama vile BBC, zinatakiwa zisipendelee chama. Magazeti hayana sharti hilo. Siku za uchaguzi mengi hutangaza wazi chama wanachotaka wasomaji wakipigie kura. Daily Telegraph na Daily Mail yamekuwa kwa miaka mingi upande wa Conservative, na Daily Mirror limeunga mkono Labour katika kila uchaguzi mkuu tangu 1945. Hili si jambo la siri wala la aibu kwao. Mwingereza anunuapo gazeti hujua ameketi katika baraza la nani. Mimi wa mbali ndiye nisiyejua.

Tena chama cha gazeti hubadilika. Daily Herald lilikuwa sauti ya wafanya kazi, na tangu 1922 lilikuwa mikononi mwa shirikisho la vyama vyao. Mwaka 1933 lilikuwa likiuza nakala milioni 2 kwa siku. Lakini baadaye lilipungukiwa, na mwaka 1964 likapewa jina jipya, The Sun. Rupert Murdoch alilinunua mwaka 1969, na kufika 1979 lilikuwa likimtaka Margaret Thatcher wa Conservative. Mwaka 1997 lilimwunga mkono Tony Blair wa Labour, mwaka 2010 likamtaka David Cameron wa Conservative, na mwaka 2024, siku moja kabla ya kura, likarudi kwa Labour. News Chronicle nalo lilikuwa rafiki wa chama cha Liberal hata lilipofungwa mwaka 1960, likatiwa ndani ya Daily Mail, gazeti la upande mwingine kabisa.

Je, magazeti ndiyo yachaguayo serikali? Tarehe 25 Oktoba, 1924, siku nne kabla ya kura, Daily Mail lilichapa barua iliyodaiwa kutoka kwa Zinoviev wa Urusi, ikiwachochea wakomunisti wa Uingereza. Wachunguzi wa baadaye wameiona kuwa ya kughushi. Labour ilishindwa, walakini hesabu ya kura zake iliongezeka kuliko mwaka uliotangulia. Na mwaka 1945, ijapokuwa Daily Express, lililouzwa sana, lilikuwa likipigana upande wa Churchill, Labour ilipata viti 393 na serikali ikawa yake. Kwa hiyo gazeti lina nguvu, lakini msomaji naye hakukosa akili yake. Kwa maoni yangu gazeti huweza zaidi kuchagua tuogope nini kuliko kuchagua tumpe nani kura.

Nami hofu ile niliichukua, nikamtwika mama aliyekuwa hana hata kura huko.

Nilikwenda kumwomba radhi. Nilimsomea habari ile ile kutoka magazeti mawili, moja la kila upande, nikimwambia kila moja ni rafiki wa nani. Alisikiliza hata mwisho, akasema, "Wote wawili wamesema habari za wageni, wala hapana aliyemwuliza mgeni." Kisha akaniagiza nimpigie mdogo wangu simu, tusikie kutoka kwake mwenyewe. Alikuwa kazini, akimlisha mzee mmoja chakula cha jioni, akatuomba tungoje kidogo. Tulingoja.