Jicho, Gongo na Mpira

Wahenga walisema kuwa macho hayana pazia. Hawakumjua mtu achezaye gofu kwa miwani siku ya manyunyu. Mtu huyo ana mapazia mawili, moja kwa kila jicho, nayo hufungwa na matone ya mvua, jasho la kipaji cha uso, mvuke wa pumzi na vumbi la njia, tena saa ile ile atakapo kuona. Akiyafuta kwa kitambaa, matone huwa michirizi. Akiyaacha, mpira mmoja huwa mitatu. Wala hana wa kumlalamikia, kwa kuwa wasioujua mchezo humwuliza swali ambalo kwa sura yake ni la haki: mpira umelala chini, haukimbii, haufukuzwi na adui, macho makali ni ya nini?

Jibu la swali hilo limo katika vipimo. Kipenyo cha mpira wa gofu hakipungui milimita 42.67, na cha shimo ni milimita 108. Kati ya mahali pa kuanzia na shimo, aghalabu pana mita mia tatu au mia nne za majani, miti, mchanga na maji. Mchezaji akiwa mbali hukadiria masafa kwa jicho. Akiwa karibu, katika kile kiwanja cha majani mafupi kiitwacho grini, husoma mteremko mdogo ambao hata maji yangeufuata polepole. Na akiisha kusimama kupiga, hutazama kitu kidogo cheupe kiasi cha mita moja na nusu kutoka usoni pake, akakileta kichwa cha gongo mahali hapo kwa kasi ambayo haimwachii nafasi ya kutengeneza kosa. Mpira hausogei, lakini mwili wote wa mpigaji husogea, na katika mwili huo jicho ndilo nanga.

Mwalimu mmoja wa hesabu mjini Nairobi aliyajua hayo kwa mwili kabla ya kuyajua kwa akili. Alianza kuvaa miwani akiwa na umri wa miaka 12, akaanza gofu akiwa na miaka 35. Lenzi zake zilikuwa za diopta 4 hasi, yaani za mtu ambaye kitabu hukiona bila taabu, lakini uso wa rafiki ng'ambo ya barabara humpotea. Hakuwa bingwa, wala hakutaka kuwa. Alitaka Jumamosi moja katika juma ambayo hakuna mtu angemwuliza alama za mtihani, na aliipata.

Nairobi imekaa kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na mpira uliopigwa vizuri huko huruka mbali zaidi. Jambo hilo ni furaha kwa mkono na mateso kwa jicho. Mpira ulipopaa, mwalimu aliuona kwa muda wa pumzi moja. Alipoinua kichwa kuufuata, aliutazama kwa pembe ya miwani, nao ukazama katika weupe wa mawingu. Hapo aligeuka kumtazama mchukuzi wake wa magongo, ambaye wachezaji humwita kedi, mzee aliyempita kwa umri miaka mingi. Mzee alikunja kiganja juu ya nyusi, akanena, “Umekwenda kushoto, mwalimu. Uko nyuma ya jakaranda ya pili.” Mwalimu alikwenda nyuma ya jakaranda ya pili. Kwa miaka minane alikwenda alikoambiwa.

Alipotimiza miaka 44 alifikiwa na jambo ambalo huwafikia watu wote wakikaribia umri huo: lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho hupungua ulaini wake, na maandishi ya karibu huanza kukimbia. Alipewa miwani yenye sehemu mbili, juu ya kutazamia mbali na chini ya kusomea. Darasani miwani hiyo ilikuwa rehema. Uwanjani ilikuwa balaa tupu. Sehemu ya chini ilitengenezwa kwa ajili ya ukurasa ulioshikwa sentimita 40 kutoka usoni, na mpira ulikuwa chini, mbali zaidi ya mara tatu ya hapo. Kila alipoteremsha macho aliona ukungu mweupe juu ya ukungu wa kijani. Ili autazame kwa sehemu ya juu, ilimpasa kukandamiza kidevu kifuani. Na kidevu kikiwa kifuani, bega la kushoto halipati njia ya kupita chini yake wakati wa kuinua gongo. Wenziwe walimwambia, “Inua kidevu, mwalimu!” Akikiinua, alipata bega akapoteza mpira, akikishusha, alipata mpira akapoteza bega.

Mtu aweza kudhani kuwa miwani ya kawaida, isiyo na sehemu mbili, haina lawama yo yote. Mwalimu, kwa kuwa hesabu ilikuwa kazi yake, alikaa jioni moja akalipima jambo hilo nyuma ya karatasi ya mtihani. Lenzi ya miwani hukaa kiasi cha milimita 12 mbele ya jicho. Kwa umbali huo mdogo, lenzi ya diopta 4 hasi hupunguza ukubwa wa kila kitu kwa karibu asilimia 5: mpira hupoteza karibu milimita 2 za upana wake, na shimo milimita 5. Zaidi ya hayo, atazamaye nje ya kitovu cha lenzi huona kitu mahali kisipokuwapo. Kwa kanuni inayoitwa ya Prentice, lenzi ya nguvu ile, ikitazamwa sentimita 1 kutoka kitovu chake, husogeza taswira sentimita 4 kwa kila mita ya umbali. Kwa mita moja na nusu ni sentimita 6, kadiri ya mpira mmoja na nusu. Mtu hapotei kwa sababu hiyo, maana ubongo hujifunza uwongo wa miwani na kuusahihisha kimya kimya, kama karani mwaminifu asahihishaye daftari la bwana wake asiyejua kuhesabu. Lakini karani yule anataka miwani ikae pale pale. Ikiteleza puani kwa jasho, hesabu yote huvurugika.

Dawa ya jambo hili, lenzi ivaliwayo juu ya jicho lenyewe, ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1888 daktari Adolf Fick, aliyefanya kazi Zürich, alieleza lenzi za kioo alizozitengeneza, kubwa na nzito, zilizovumilika kwa saa chache tu. Lenzi laini ya siku hizi ilitoka mahali pa unyenyekevu zaidi. Otto Wichterle, mkemia wa Prague, alikuwa na utomvu wa plastiki unaonywa maji na kulainika, lakini hakuwa na mtambo wa kuufinyanga. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1961, nyumbani kwake, alitengeneza mtambo kwa vipande vya chuma vya mchezo wa watoto na dinamo ya baiskeli, ukazungusha vikombe vidogo hata utomvu ukakaa kwa umbo la jicho. Wakubwa wa sayansi wenye majengo na bajeti wangefaa kuikumbuka meza ile.

Hata hivyo si haki kuitukana miwani. Mwaka 1992 Tom Kite alishinda mashindano ya wazi ya Marekani huko Pebble Beach, katika upepo uliowaangusha wengi, naye alikuwa amevaa miwani. Tiger Woods alikuwa akivaa lenzi za jichoni aliposhinda Masters mwaka 1997 kwa kuwapita wenziwe mapigo 12, kabla ya kupasuliwa macho kwa mwali wa leza mwaka 1999. Mmoja kwa miwani, mmoja kwa lenzi, na kila mmoja alikuwa ameuzoea ulimwengu wake hata mkono ukauamini. Hilo ndilo alilokuwa hajalifahamu mwalimu alipoingia katika duka la mpima macho.

Kujifunza kuzivaa kulimchukua siku nne za kulia mbele ya kioo. Jicho halikuumbwa kukubali kidole. Hufumba lenyewe, na mwenye jicho hujiona mnafiki, akiamuru kwa kinywa asichokubali kwa kope. Siku ya tano lenzi zilikaa. Alitoka nje akaona paa la nyumba ya jirani bila fremu kulizunguka, akasimama kitambo.

Jumamosi iliyofuata alicheza vibaya kuliko siku zote za miaka kumi. Mpira ulionekana mkubwa na wa karibu, ardhi ilionekana imeinuka kumlaki, na gongo lilichimba udongo kabla ya kuufikia mpira. Katika grini alisukuma mipira ya hatua mbili ikapita kando ya shimo. Wenziwe walicheka kwa upole, na mmoja alimshauri arudie miwani. Lakini macho hayakuwa na kosa. Yalisema kweli kwa mara ya kwanza, na mkono, ambao ulikuwa umelelewa na uwongo kwa miaka mingi, haukuisadiki. Tena kidevu kilikuwa bado kifuani. Hapakuwa na sehemu ya kusomea ya kukwepa, hapakuwa na fremu, na bado shingo ilijikunja kila aliposimama kupiga. Miwani ilikuwa imetoka usoni, lakini ilikuwa ingali shingoni. Ilihitaji majuma sita ya kupiga mipira peke yake, jioni baada ya masomo, kuiondoa huko.

Lenzi nazo zina masharti, na si masharti ya kuchezea. Mnamo Januari na Februari uwanja hukauka, upepo huinua vumbi jekundu, na lenzi laini hunyauka jichoni kama jani. Jumamosi moja ya namna hiyo chembe iliingia chini ya lenzi ya kulia, machozi yakamtiririka. Mzee alimpa chupa ya maji aliyoijaza bombani, akamwambia aisuuze lenzi na kuirudisha. Lilikuwa shauri la wema, nalo ni la hatari, kwa sababu katika maji ya bomba, ya mto na ya bwawa huweza kuishi kijidudu kiitwacho akantamiba, ambacho kikipata makao kati ya lenzi na jicho huila konea, na watu wamepoteza uwezo wa kuona kwacho. Mwalimu alikuwa ameonywa. Aliitoa lenzi, akaitupa, akatoa ya pili pia, akafungua mfuko wa magongo ilimokuwa miwani yake ya zamani, akamaliza mashimo matano yaliyobaki kwa mapazia yake. Mtu avaaye lenzi asiye na miwani mfukoni ni msafiri asiye na nauli ya kurudi.

Palikuwa na taabu ya kadi pia. Katika gofu mwenzako huandika mapigo yako, nawe hutia sahihi. Ukitia sahihi hesabu iliyo pungufu ya mapigo uliyopiga, huondolewa mashindanoni. Lenzi zilimpa mlima, zikamnyima tarakimu. Mpima macho alimjaribishia lenzi moja ya mbali na moja ya karibu, jicho moja kwa kila kazi. Tarakimu zikarudi, lakini mteremko wa grini ukalala bapa kama picha ukutani, maana kina cha mambo huonwa kwa macho mawili yanayokubaliana. Alizirudisha lenzi hizo, akanunua miwani ya kusomea ya bei nafuu, akaitia katika mfuko wa shati. Wenye kupenda kejeli walipata yao.

Mwezi wa tatu mkono ulianza kusadiki. Asubuhi moja alipiga mpira, akainua uso, akauona tangu kupaa hata kutua: ulikwenda kulia, ukadunda mara mbili, ukaingia katika shimo la mchanga. Mzee alikunja kiganja juu ya nyusi. “Umekwenda kushoto, mwalimu,” akasema. “Uko nyuma ya jakaranda.”

Mwalimu hakujibu. Alimfuata mzee hata kwenye jakaranda, akatafuta pamoja naye katika majani, akazunguka shina mara mbili. Kisha akasema kuwa pengine ulidunda, akaenda kulia kana kwamba anabahatisha. Shimo zima hilo hakujua alipigaje. Alikuwa akihesabu mipira iliyopotea katika miaka miwili au mitatu iliyopita, ile aliyoilaumu miwani yake.

Yalipita majuma mawili kabla hajapata maneno. Alipoyapata, mzee alitazama chini. “Nikienda kupimwa, mwalimu, watajua,” alisema. Kedi hulipwa kwa siku aliyobeba, na mchezaji hamwajiri mtu asiyeuona mpira. Walikubaliana kwenda Jumatatu, siku ambayo uwanja huwa mtupu na hakuna ambaye angeuliza mzee yuko wapi. Mpima macho alimulika taa, akaona utando wa kijivu katika macho yote mawili. Ulikuwa mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kupofusha watu, na ambao hautibiwi kwa miwani wala kwa lenzi ya kuvaa. Hupasuliwa, lenzi ya asili iliyochafuka ikatolewa, na nyingine ya kutengenezwa ikawekwa ndani ya jicho milele. Mzee aliuliza kama naye atalia mbele ya kioo siku nne. Aliambiwa hapana.

Tarehe ya upasuaji wa jicho la kwanza imeandikwa, na wangali wakiingoja. Jumamosi mwalimu hupiga mpira, huinua uso, huuona unapotua. Kisha hugeuka akauliza, “Umekwenda wapi, Mzee?” Mzee hukunja kiganja juu ya nyusi, hujibu, nao huenda huko kwanza.