Arubuni ya Farasi

Nilimjua farasi kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Nilizaliwa Lamu, na Lamu ni mji wa punda. Mchanga, mawe, maji na magunia ya unga hubebwa na punda katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupenya. Farasi hakuwapo. Lakini jioni, wazee walipokaa barazani na mmoja wao akaghani utenzi wa vita vya kale, farasi walijaa tele. Walipiga kwato, walitifua vumbi, walisimama kando ya mabwana zao waliojeruhiwa wasikubali kuondoka. Sisi watoto tuliwasikia wakikoroma gizani, na asubuhi tukienda kuwatafuta tulikuta punda wa jirani amesimama juani, masikio yamelala.

Kwa hiyo lugha ilinipa farasi mzima kabla sijapata kumgusa: hatamu na lijamu, tandiko na kikuku, mwendo wa telki, mwendo wa matiti, na shoti. Nilikuwa na maneno bila mnyama. Ninayotaka kuyasimulia hapa ni habari za siku mnyama alipopatikana, na za neno moja nililolipenda mno hata nikasahau kuliandika ipasavyo.

Sasa naishi Marekani, na mke wangu hufundisha watu kupanda farasi. Kwa miaka tisa tuliweka akiba ili anunue farasi wa Kihispania wa damu safi, yule ambaye wenyewe humwita Pura Raza Española. Ni farasi mwenye shingo nene iliyopindwa kama upinde, singa ndefu, na hatua zinazopanda juu kabla ya kwenda mbele. Ukoo wake ulilelewa kwa makusudi tangu karne ya 16, Mfalme Felipe wa Pili alipojenga mazizi ya kifalme mjini Córdoba. Daftari lake la nasaba lilifunguliwa mwaka 1912, na siku hizi linatunzwa na chama cha wafugaji kiitwacho ANCCE, kilichoundwa mwaka 1972. Farasi asiyemo daftarini, hata awe mzuri kama mwezi wa kumi na nne, hahesabiwi kuwa wa ukoo huo. Wahenga wetu walilisema jambo hili bila kuwaona farasi hao: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tulikwenda Andalusia majira ya kuchipua. Katika shamba la tatu tulimkuta dume wa miaka minne aitwaye Lucero. Nilishika pasi yake mkononi, nikasoma kwamba rangi yake ni tordo. Tordo ni jina la ndege mdogo ambalo Wahispania humpa farasi wa kijivu. Nikainua macho: farasi aliyesimama mbele yangu alikuwa karibu mweusi, kama chungu kilichopikiwa miaka mingi. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini kwamba tumeletewa karatasi za farasi mwingine. Akacheka. Farasi wa kijivu huzaliwa na rangi ya giza, kisha hupauka mwaka hadi mwaka mpaka akawa mweupe. Karatasi haikusema uongo. Ilisema habari za kesho, nami nilikuwa natazama za leo.

Mzee mmoja, saisi wa shamba lile, alipita akiwa amembebesha nyumbu mifuko miwili iliyoungana, mmoja kila ubavu. Nilimwuliza kwa Kihispania changu cha kuokoteza kinaitwaje kile. “Alforja,” akajibu. Nilitabasamu peke yangu. Marehemu baba yangu aliliita horji tandiko lake la punda, na maneno yote mawili yametoka katika neno moja la Kiarabu. Waarabu walilipeleka magharibi hadi Uhispania na kusini hadi kwetu, na sasa yalikuwa yamekutana juu ya mgongo wa nyumbu. Tangu dakika ile nililiona shamba lile kama nyumba ya jamaa. Hilo ndilo lililoniponza.

Mke wangu alimpanda Lucero kwa muda wa nusu saa. Aliposhuka hakusema neno, aliegemeza tu paji lake la uso kwenye shingo ya farasi. Muuzaji aliyaona hayo, na muuzaji si mjinga. Akataja bei, tukashusha, akapandisha, tukaelewana. Kisha akasema kwamba desturi inataka tutoe arras ya euro 2,000, naye hatamwonyesha farasi huyo kwa mtu mwingine.

Arras! Ndugu msomaji, ni arubuni yetu hiyo hiyo, fedha inayotangulizwa ili kitu kisiuzwe. Asili ya maneno yote mawili ni wafanyabiashara wa Kisemiti wa zamani. Moja limepitia Ugiriki na Roma, jingine limetufikia kwa njia ya Waarabu. Nilimweleza muuzaji habari hizo kwa furaha kubwa, naye akanisikiliza kwa adabu, kalamu mkononi. Nikatia sahihi. Karatasi ilikuwa na mistari sita. Ilisema kwamba mnunuzi akirudi nyuma atapoteza arubuni, na muuzaji akirudi nyuma atailipa maradufu. Haikusema kwamba mauziano yatategemea vipimo vya daktari. Jambo hilo tuliliongea kwa mdomo, naye akaitikia kwa kichwa. Mimi, mtu ambaye maisha yangu yote ni maneno, nilikuwa nimelewa kwa asili ya neno moja, nikayaacha nje maneno yaliyonipasa.

Daktari tulimtafuta sisi wenyewe, asiyefanya kazi na muuzaji. Alimtazama Lucero macho na meno, akasikiliza moyo, akaikunja miguu mmoja mmoja kisha akaamuru farasi akimbizwe ili aone kama atachechemea, akapiga picha za eksirei za viungo. Yote yalikuwa mema. Mwisho alitoa damu. Marekani humpima kila farasi atokaye nchi kama Uhispania maradhi kadhaa, na mojawapo ni piroplazimosi. Vimelea vyake huenezwa na kupe, huishi ndani ya damu, na baadhi yao ni jamaa wa vile viletavyo ndigana kali kwa ng'ombe wetu. Kusini mwa Uhispania ugonjwa huo ni wa kawaida. Farasi huupata akiwa mdogo, huugua kidogo au asiugue kabisa, kisha hubaki na vimelea hivyo akiwa mzima wa afya. Huko kwao hana kosa. Marekani hapokewi.

Siku ya kumi majibu yakaja. Lucero alikuwa navyo.

Nilizitandaza karatasi zote mbili mezani. Moja ilitaja baba yake, babu zake na mabibi zake, ikashuhudia kwamba damu yake ni safi. Ya pili ilishuhudia kwamba si safi. Zote zilikuwa za kweli, na zote zilikuwa na mhuri.

Jioni ile muuzaji alinipigia simu. Hakukasirika, alizungumza kama mtu anayemtuliza mtoto. “Nipeni wiki sita,” alisema. “Ipo sindano. Tutamsafisha damu, kisha tutampima tena, na karatasi itatoka nzuri. Wengi hufanya hivyo.” Na tukikataa? “Mkikataa, mmerudi nyuma ninyi. Arras ni arras.”

Nilimpigia daktari. Alisema ni kweli kwamba zamani watu walitumia dawa ili kukifunga macho kipimo kwa muda, na ndiyo sababu mwaka 2005 Marekani ilibadili kipimo chake. Kwa kipimo kipya hila hiyo ni ngumu, lakini watu hawajaacha kuijaribu. Kisha akaniuliza kama nina habari za pundamilia. Nilidhani sikumsikia vizuri. Mwaka 1987, akasema, pundamilia waliletwa Uhispania kutoka Namibia kwa ajili ya hifadhi moja ya watalii. Walionekana wazima. Ndani ya damu yao mlikuwa na ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao visubi huuchukua kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Ugonjwa ule uliua farasi wa Uhispania na kurudi tena na tena hadi mwaka 1990. “Mgeni huingia na kila alicho nacho,” akasema daktari, akakata simu.

Usiku ule hatukulala. Mke wangu alikaa kitandani akitazama picha za Lucero katika simu yake. Hakuniambia tukubali, wala hakuniambia tukatae. Euro 2,000 kwetu ni mshahara wa mwezi mzima. Na farasi yule, mwenye afya, angeishi miaka yake yote bila kumdhuru mtu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia saa nane za usiku. Saa tisa nilikuwa nimekwisha kuitungia sindano ile jina zuri la Kiswahili.

Kulipokucha nilimpigia mjomba wangu Lamu, aliyefanya biashara ya punda tangu ujana wake. Baada ya maamkizi nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa pua.

“Mwanangu,” alisema, “mimi punda mwenye kikohozi nikimwuza Shela, kikohozi kitarudi Lamu kabla ya Ijumaa. Wote hunywa maji pamoja.”

“Na fedha, mjomba?”

“Fedha umekwisha kuzitoa. Umenunua nazo nini ndilo la kuulizwa.”

Tulikataa. Sitajisifu kwa uadilifu mtupu, kwani niliogopa pia: farasi akigunduliwa mlangoni mwa Marekani hukataliwa, na mwenye mali ndiye anayegharamia kumrudisha. Hofu na haki zilikaa kikao kimoja, na sijui ni ipi iliyopiga kura ya mwisho. Arubuni tuliipoteza. Nilikwenda mwenyewe kuaga shambani, na saisi yule mzee akanitolea Lucero nje bila kuombwa. Nilimpapasa singa. Hakuwa na habari yoyote ya karatasi zake.

Ilipita miezi minane kabla hatujapata mwingine, katika shamba la mbali na lile. Huyu anaitwa Sereno: wa hudhurungi, wa miaka tisa, aliyehasiwa, asiyegeuza shingo za watu. Kuhasiwa kwake kulitupunguzia gharama, kwa sababu madume na majike wazima wa zaidi ya miaka miwili watokao nchi hizo huongezewa karantini ya pili ya wiki kadhaa kwa kuhofia ugonjwa unaoambukizwa kwa kupandana. Safari hii damu ilitangulia kupimwa, sampuli ikapelekwa mpaka Ames, jimboni Iowa, kwenye maabara ya wizara ya kilimo ya Marekani. Majibu yalipokuja mema ndipo nilipokaa chini na muuzaji. Karatasi yetu ya arubuni ilikuwa na kurasa tatu. Niliiandika mimi, kila sharti na mstari wake, na sikumweleza mtu asili ya neno lolote.

Sereno alisafirishwa kwa gari siku mbili hadi Liège, nchini Ubelgiji, akapakiwa katika ndege ya mizigo ndani ya sanduku lenye vizimba, farasi watatu pamoja, na mhudumu wa kuwatazama angani. Alipotua New York kwato zake zilioshwa kwa dawa, akafungiwa karantini kwa saa zisizopungua 42, akatolewa damu kwa mara nyingine. Hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Mke wangu na mimi tulikaa katika chumba cha hoteli ya barabarani tukisubiri, na nilipozipanga nyaraka zake kwa ajili ya forodha niliona mhuri wa Uhispania: aduana. Neno hilo la forodha yao limetokana na diwani, yaani daftari la serikali. Sisi tukalichukua neno hilo hilo tukawapa washairi, wakusanyie humo tungo zao.

Zamani ningelipiga kelele ya furaha. Siku ile nilinyamaza, nikahesabu nyaraka upya. Sijaacha kuyapenda maneno kwa nasaba zao, lakini nimejifunza kwamba neno, kama farasi, halitoshelezwi na ukoo. Lazima lipimwe damu: je, linabeba nini linapovuka mpaka? Arubuni ni neno la ukoo mtukufu. “Kusafisha damu” nayo ni maneno mazuri, na yalikuwa yamebeba kupe.

Sereno yu zizini sasa. Wanafunzi wa mke wangu humsemesha kwa Kiingereza, naye huyageuza masikio ninapomwambia “polepole” kwa Kiswahili, labda kwa sababu ya sauti tu. Nimesikia kwamba Lucero aliuzwa huko huko Uhispania na kwamba ameanza kupauka shingoni. Tordo, kama karatasi ilivyosema. Nimemtungia ubeti mmoja, nauacha hapa:

Ewe uliyesalia, sina lawama kuweka,
Damu ilishuhudia, kweli isiyofichika,
Fedha sikuzililia, neno halikuvunjika,
Mwenzio kanifikia, jina lako latajika.