Volti Tano za Kukopa

Juma lililopita tulisafiri kutoka Handeni hadi Korogwe tukiwa tumepakata mkoba mdogo. Ndani yake mlikuwa na kitufe kikubwa cha mbao, nyaya na chipu fupi kuliko kidole gumba.

Huko Korogwe yuko mtoto wa miaka tisa, jirani ya dada yetu, ambaye vidole vya mkono wake wa kulia havikunjuki. Jioni wenzake hukusanyika kucheza gemu kwenye mashine kuukuu, mojawapo ya zile zilizoiga Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983. Yeye hukaa pembeni akiwahesabia pointi. Tulimwahidi kwamba naye atacheza.

Pedi ya mashine hiyo ina kazi nyepesi. Mara 50 au 60 kila sekunde mashine huiuliza, nayo hujibu hali ya vitufe vyake 8, kimoja baada ya kingine. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja, yaweza kujibu badala yake: mkono wa kushoto ukabaki na vitufe vya mwelekeo, na kiganja cha kulia kikapewa kile cha mbao. Swali lilikuwa umeme. Betri huisha, na mama yake hana fedha za kununua nyingine kila mara. Tundu la pedi, hata hivyo, lina waya wa volti 5 unaoilisha pedi yenyewe. Tukaamua kuukopa, baada ya kuupima kwa mita, maana mashine za kuiga hutofautiana mpangilio wa nyaya.

Hapo tungeishia. Lakini tulitaka kumfurahisha zaidi, tukaongeza taa 8 zinazowaka kila anapobonyeza. Kule Handeni, kwa chaja ya simu, zilipendeza mno.

Mbele ya watoto wote akabonyeza. Taa zikawaka, picha ikaganda, mashine ikaanza upya. Mtoto akaondoa mkono taratibu, akidhani ameiharibu yeye. Jambo hilo lilituchoma.

Fundi redio mmoja, mzee, aliyekuwa akitazama, alicheka. "Wanangu, tundu hili si bwawa la Hale."

Mita ilionyesha volti 4.1. Chipu peke yake hula chini ya miliampea 20. Taa zetu, kila moja miliampea 20, zilidai 160 zaidi kupitia waya mwembamba kama uzi, uliokusudiwa pedi inayokula kidogo sana. Chaja ya simu, yenye nguvu tele, ilikuwa imetuficha kosa letu.

Tulizikata taa zote kwa koleo, tukalehemu kapasita moja karibu na chipu. Volti 4.9. Tukamwomba ajaribu tena, alisita kwanza.

Alitumbukia shimoni mara tatu. Mara ya nne akaruka, akavuka. Wenzake walipodai zamu yao, aliwaambia wangoje.